Mkaguzi, VICOBA na ndoto ya MBA

SWALI: Nina miaka 27, ni mkaguzi wa hesabu Dar es Salaam. Nataka kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) Marekani, na moyo wangu uko kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, vya mtaani kwetu. Kazi inanimaliza. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na kalenda. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba 31, basi Januari hadi Machi ni msimu wa ukaguzi, usimwahidi mtu chochote. Aprili hadi Juni jisomee GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara: maswali 64, saa 2 na dakika 15, matokeo hudumu miaka 5. Ifanye Julai ili upate nafasi ya kurudia. Awamu ya kwanza ya maombi katika vyuo vingi vya huko hufungwa Septemba. Barua ya bosi ya kukupendekeza iombe wiki 6 kabla.

VICOBA chukua kimoja tu, Jumamosi mbili kwa mwezi. Wengi hujazana kwenye kamati tano ili fomu ipendeze, na wasomaji wa maombi hulinusa hilo upesi. Linganisha daftari la hisa na mikopo na fedha zilizo sandukuni, kisha mfundishe mweka hazina alifanye mwenyewe. Andika kila tofauti uliyoikuta na ilivyorekebishwa. Insha yako itatoka humo. Ila funguo za sanduku usishike, hata wakikubembeleza.