Kukosa mtoto si laana
Dada, pole sana kwa maneno ya mawifi zako, kwamba Zaburi 127 inawaita wana "urithi wa Bwana", kwa hiyo asiyezaa amelaaniwa. Mstari upo, na ni kweli mtoto ni zawadi. Ila zaburi haisemi lolote juu ya asiyepewa. Hilo wameongeza wao.

Soma Luka 1:6-7. Zakaria na Elisabeti wanatajwa kwanza kuwa wenye haki mbele za Mungu, wasio na lawama, ndipo tunaambiwa hawakuwa na mtoto. Naamini Luka aliyapanga hivyo makusudi.

Halafu kuna mwanamke aitwaye Hana, ambaye hakuwa na mtoto, katika 1 Samweli 1. Penina, mke mwenzake, alimchokoza mwaka hadi mwaka, kila walipopanda kwenda kuabudu Shilo, mpaka akalia na chakula kikamshinda. Penina alikuwa na wana na mabinti, lakini Maandiko hayamsifu popote kwa hilo.

Na katika Isaya 56:4-5 Mungu anawaahidi matowashi (wanaume waliohasiwa, wasioweza kuzaa) wanaolishika agano lake jina bora kuliko kuwa na wana na binti, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mawifi wakirudi, wafungulie hapo wasome.