Ukitaka santuri za panki, anza na muuzaji

Vijana wa kwetu wanaoishi Uingereza wakiniuliza waanzie wapi kununua santuri za panki (punk, ile roki ya kasi na makelele), huwaambia waiache simu mfukoni waende dukani. Namaanisha duka dogo la mtu binafsi, ambalo anayekuuzia kaisikiliza bidhaa yake kabla ya kuipanga.

Duka langu lilikuwa Rough Trade, 130 Talbot Road, magharibi mwa London. Geoff Travis alilifungua mwaka 1976 hapo jirani, Kensington Park Road, likahamia Talbot Road mwaka 1983. Nilipoanza kwenda nilikuwa mgeni wa jiji. Taarabu nilizaliwa nayo, reggae naijua, panki naisikia kwa sifa tu. Nikamwambia muuzaji ninapenda besi nzito. Akachomoa santuri kadhaa, akawa anazipiga moja baada ya nyingine huku akinitazama usoni. Akiona wimbo haujanigusa, anainua sindano na kuweka nyingine, wala hanuni.

Kwa hiyo usione haya kutaja unachokipenda tayari, hata kama ni mbali na panki. Reggae hasa ni mlango mzuri. Mwaka 1977 Don Letts, DJ wa klabu ya Roxy hapo London, alikuwa akiwapigia vijana wa panki reggae kwa sababu santuri za panki zenyewe zilikuwa bado za kuhesabu.

Siku ile niliondoka na santuri ya bendi ya X-Ray Spex. Mwimbaji wao, Poly Styrene, baba yake alikuwa Msomali na mama yake Mwingereza. Kwenye picha nilimwona binti mwenye sura ambayo ungekutana nayo Mombasa wakati wowote, vyuma vya kunyoosha meno vinaonekana akicheka. Halafu ile sauti, inapasua juu ya saksafoni! Kama muuzaji asingenipa, nisingejua hata kuitafuta.

Jifunze pia kuuliza lebo, yaani anayetoa santuri, si bendi peke yake. Bendi ya Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 wakaitoa wenyewe santuri yao, Spiral Scratch, Januari 1977. Walianza kwa kufyatua nakala 1,000, zikaisha, na mwishowe zikauzwa kama 16,000. Hapakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Maduka madogo ndiyo yaliyozibeba. Baadaye maduka hayo yakashikana katika mtandao wa usambazaji ulioitwa The Cartel: Rough Trade London, Probe Liverpool, Revolver Bristol, Red Rhino York na wenzao. Bendi ya Bristol ikawa inaweza kuuza York bila kumpigia magoti bwana mkubwa yeyote. Huko Washington, Marekani, nako, lebo ya Dischord, walioanza mwaka 1980, kava zao za mwanzo walizikata na kuzigundisha kwa mikono, wanabendi na marafiki zao. Ukipenda santuri moja ya lebo kama hizo, mwulize muuzaji nini kingine wametoa. Mimi nimepata mengi mazuri kwa njia hiyo kuliko kwa kusoma orodha za santuri bora.

Kabla ya kulipa, itoe santuri kwenye kava, ishike kingoni, iinamishe chini ya taa. Mikwaruzo ya juujuu kama nywele haina neno. Ule ambao ukucha unakwama ndani yake utausikia kila mzunguko. Kisha soma maandishi yaliyochorwa kwenye plastiki karibu na karatasi ya katikati. Namba ya hapo ilingane na ya kwenye karatasi, isipolingana, uliza. Santuri nyingi za Uingereza za miaka ile zina pia maneno ya fundi aliyechonga sauti kwenye bamba la kuzifyatulia. Ukiona "A Porky Prime Cut", huyo ni George Peckham, na mimi hununua kwa moyo mweupe.

Santuri adimu za bei kubwa zilizotundikwa ukutani ziache huko. Machi 1977 kampuni ya A&M iliwafukuza bendi ya panki ya Sex Pistols siku chache baada ya kuwasaini, na karibu nakala zote za santuri yao zikaharibiwa. Zilizosalia ni maelfu ya pauni, na za kughushi zimejaa sokoni. Nunua toleo jipya, unasikia muziki uleule. Pesa inayobaki mpe bendi changa inayouza ya kwake pale kaunta.

Ukizirudisha nyumbani, Dar au Mombasa, toa kila santuri kwenye kava lake la nje, iache na karatasi ya ndani tu, uiweke nyuma ya kava. Vinginevyo ikitikisika safarini itapasua kingo za kava. Zibane katikati ya maboksi magumu, upande nazo ndegeni kama mzigo wa mkononi. Ukitua, usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa kunywa chai, kwani joto la kwetu linazipinda.