Vitabu vya zamani vya sheria ya ardhi
Dada, umeuliza kama vitabu vya sheria ya ardhi vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulivyokuta maktaba ya chuo hapo Iringa, bado vinafaa kwa tasnifu. Kwa historia na nadharia, ndiyo. Kwa vifungu, hapana: Sheria ya Ardhi (Sura ya 113) na ya Ardhi ya Vijiji (Sura ya 114) zilitungwa 1999. Vifungu chukua Toleo la Urekebu la 2023, yaani mkusanyo wa sheria zote zikiwa na marekebisho yake, lililoanza kutumika Julai 2025. Hukumu za mahakama zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII, wewe bando tu. Ila ukiikuta ripoti ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Shivji, iliyochunguza migogoro ya ardhi 1991 hadi 1992, usiiachie! Sura ya pili ya tasnifu yako, ile ya mapitio ya maandiko, imelala humo.