Usukani mgumu wa mashine ya boti: maswali yenu

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu mashine za zamani zinazofungwa kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, na malalamiko ni yaleyale: usukani umekuwa mzito. Msilipuuze jambo hili. Boti isiyogeuka kwa wepesi haiwezi kukwepa mwamba wala mtu anayeogelea.

Fundi, mashine yangu ya nguvu za farasi 40 ilikaa miezi bila kutumika. Sasa usukani hauzunguki kabisa. Ninunue waya mpya?

Usinunue kitu kwanza. Ugumu huo unaweza kuwa kwenye waya wa usukani au kwenye mashine yenyewe, na ni lazima ujue ni wapi. Fungua kile kiungo kinachoshikanisha fimbo ya waya na mashine. Sukuma mashine kwa mkono, kushoto na kulia. Kisha zungusha usukani peke yake. Mashine ikienda vizuri na usukani ukabaki mgumu, shida iko kwenye waya, au kwenye bomba la mhimili ambamo fimbo yake hupita. Usukani ukiwa mwepesi na mashine ikagoma, waya hauna kosa. Vyote viwili vikigoma, una kazi mbili, na hilo ni la kawaida kwa mashine iliyozeeka kwenye maji ya chumvi.

Nimeona watu wakifunga waya mpya na ugumu ukabaki palepale, kwa sababu hawakufanya jaribio hili la dakika chache. Na tafadhali usiulazimishe usukani kwa nguvu za mikono. Utavunja meno ya giaboksi yake, na hapo gharama inaongezeka.

Nimefanya jaribio, waya ndio ulioganda ndani ya bomba. Nautoaje bila kuharibu bomba?

Kwa subira. Fimbo ile ina kipenyo cha milimita 16 hivi, na nafasi kati yake na bomba ni ndogo sana. Grisi ikikauka na chumvi ikaingia, kutu huvimba na kujaza nafasi hiyo yote.

Legeza nati kubwa inayoushika waya kwenye mdomo wa bomba. Puliza mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, acha yalale usiku kucha, kesho yake rudia. Kisha pasha bomba moto kwa kipulizia hewa moto. Moto wa gesi siushauri hata kidogo: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ndani ya boti, na unaweza kuwaka. Hata ukitumia kipulizia, toa tangi na mpira wake uviweke mbali kwanza.

Bomba likiwa bado moto, gonga fimbo irudi upande ilikoingilia. Usiipige kwa nyundo moja kwa moja, maana ncha itatanuka kama uyoga na haitapita tena kwenye bomba. Weka kipande cha mbao ngumu au cha shaba katikati. Ikisogea kidogo tu, irudishe, ongeza mafuta, gonga tena. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakoitoa. Nguvu za upande mmoja huikwamisha zaidi.

Ikishatoka, safisha bomba kwa brashi ya mviringo ya shaba mpaka kitambaa kipite na kutoka safi. Halafu uangalie waya kwa macho ya haki. Ganda likiwa limepasuka, fimbo ikiwa na mashimo ya kutu, au waya ukiwa mgumu hata ukiulaza umenyooka chini, utupe. Kuujaza oili kwa ndani huleta nafuu ya muda tu, na mimi sikubali nafuu ya muda kwenye usukani. Wakati wa kurudisha kiungo, weka nati mpya ya kujifunga. Ile ya zamani imeshapoteza mshiko.

Kwangu ni mashine yenyewe iliyo nzito. Napampu grisi, haiingii.

Kichwa cha kutilia grisi kimeziba. Kifungue, ufunge kipya, kisha ukwangue tundu kwa waya mwembamba. Pasha moto kiasi ile sehemu inayoshika nguzo ya kugeukia ili grisi ya zamani ilainike, halafu pampu kwa mkono huku mwenzako akiigeuza mashine kutoka mwisho hadi mwisho. Usiache mpaka uone grisi chafu imetoka juu na chini, na safi ikaifuata.

Ikiwa bado haiendi, inawezekana alumini imeota kutu nyeupe na kuzibana bushi, yaani vile vipete ambamo nguzo huzungukia. Hapo hakuna njia ya mkato: mashine ishushwe, nguzo itolewe, bushi zibadilishwe.

Yangu ni ndogo, naiendesha kwa kana, ule mkono wa kuigeuzia. Imekaza.

Tafuta skrubu au kishikio cha kukazia mgeuko karibu na nguzo. Huenda kuna mtu alikikaza. Kama sicho, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Nitumie grisi gani, na lini?

Grisi ya mashine za majini isiyoyeyushwa na maji. Ile ya kawaida ya gari huoshwa upesi. Saa 100 za kazi au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia, ndicho kiwango cha chini kabisa kwangu. Kwenye chumvi nafanya mara nyingi zaidi.

Kabla ya kupampu grisi kwenye bomba la mhimili, geuza usukani mpaka fimbo iingie yote ndani. Ukiipampu ikiwa nje, grisi hujaa mbele yake, na usukani unaweza kufungika ukiwa safarini.

Ikiwa imesimama, usukani ni laini. Nikiongeza mwendo unavuta kulia na kuwa mzito kurudi kushoto.

Hiyo si kutu, ni msukumo wa rafadha, ile panga inayozunguka majini. Chini ya bamba lililo juu ya rafadha, mashine nyingi zina kipezi kidogo kilichofungwa kwa bolti. Kilegeze, sogeza ukingo wake wa nyuma kidogo kuelekea kulia, kaza, kisha ujaribu kwa mwendo uliouzoea. Ukivuta kushoto, kisogeze kushoto. Kama kimetengenezwa kwa zinki ili kiliwe na kutu badala ya mashine, usikipake rangi.