Maswali ya Wasomaji: Meássë Yuko Wapi?

SWALI: Nimeisoma The Silmarillion, kitabu cha hekaya za kubuni cha J. R. R. Tolkien, mara mbili, hata faharasa nimeipekua, lakini sikumkuta Meássë, mungu wa kike wa vita ambaye rafiki yangu anashikilia kwamba yumo katika hekaya hizo. Je, nimepitiwa, au rafiki yangu amezua?

JIBU: Hukupitiwa, wala rafiki yako hakuzua. Ulichosoma wewe kilichapishwa mwaka 1977, baada ya mwandishi kufariki. Meássë yumo katika masimulizi ya awali, yale ambayo Tolkien alianza kuyaandika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza baada ya kurudishwa Uingereza mgonjwa kutoka uwanja wa vita wa Somme, Ufaransa, na ambayo mwanawe Christopher aliyatoa mwaka 1983 na 1984 kwa jina la The Book of Lost Tales.

Humo Meássë ni dada yake Makar, na wote wawili ni wagomvi waliojiunga na Melko, yule mwasi mkuu wa hekaya hizo, alipouvuruga muziki wa uumbaji. Makazi yao ni jumba la chuma lenye mienge, ambamo wafuasi wao hupigana siku zote, huku Meássë akipita katikati yao, akimchochea huyu aongeze mapigo na kumnywesha divai kali yule anayezimia, mikono yake imelowa damu hadi viwikoni. Hata jina lake, katika msamiati wa lugha aliyoibuni Tolkien, limewekwa kwenye shina moja na neno la damu iliyomwagika. Anayezijua hekaya za Skandinavia atalikumbuka mara moja jumba la Odin, mungu wao mkuu, ambako mashujaa hukatana mapanga mchana na kula pamoja jioni, ingawa kwangu mimi mikono ile inatisha kuliko mapanga yote ya huko.

Kwa nini aliondolewa? Kwa maoni yangu, alikosa pa kukaa. Kadiri Tolkien alivyoziandika upya hekaya zake, Vala, yaani wale wenye nguvu wanaoutawala ulimwengu wake, walizidi kuwa watumishi wa Mungu mmoja, wakakaribiana na malaika kuliko miungu ya kale inayogombana, na katika baraza la namna hiyo mwanamke anayeifurahia damu angekuwa mgeni asiyeelezeka. Nguvu za mwili akaachiwa Tulkas, mpenda mieleka, ambaye hucheka michezoni na vitani vilevile. Naye, katika masimulizi ya awali, ndiye Vala pekee aliyekuwa akilitembelea jumba lile la chuma.

Mwombe rafiki yako akuazime juzuu ya kwanza ya The Book of Lost Tales, usome sura ya kuwasili kwa Vala na kujengwa kwa Valinor, nchi yao.