Maswali ya Wasomaji: Maji Yanatokota, Maharage Hayaivi

SWALI: Nilipokuwa Tanga, maharage yaliiva kwa saa mbili. Tangu nihamie Mbeya yanakula saa tatu na zaidi, ingawa maji yanatokota vizuri na mkaa nauongeza. Kosa ni la mkaa au la maharage?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Mkaa hauna kosa. Maji hutokota pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuushinda mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Tanga, kwenye usawa wa bahari, hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu, mgandamizo ni mdogo, basi maji yanatokota kwenye nyuzi 94 tu, wala hayapandi zaidi hata ukiyawekea moto wa kuyeyusha chuma. Nyuzi hizo sita zinazopungua ndizo zinazokula muda wako.

Mkaa unaoongeza unatengeneza mvuke tu. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 94 kunahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) 310 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke kunakula zaidi ya kilojuli 2,200. Kwa hiyo yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 (usizipunguze, maharage mekundu yana sumu inayoharibiwa na mchemko huo), kisha funika na upunguze moto.

Yaloweke usiku kucha, maji hayo uyamwage. Nyanya na ukwaju vingoje mpaka yalainike, kwa sababu asidi huzuia ganda lisilegee. Na maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu yangekusumbua hata Tanga. Muulize muuzaji ni ya msimu gani.

Lakini dawa hasa ni sufuria ya presha. Kizito kinachokaa juu ya kitundu hubana mvuke ndani. Kikiongeza kilopaskali 100 za mgandamizo, karibu sawa na ule wa hewa ya Tanga, maji ya Mbeya hufika nyuzi 118 hivi. Usijaze kupita nusu, maana povu na maganda huziba kitundu. Usifungue kabla mvuke haujaisha: maji ya nyuzi 118 yakiondolewa mgandamizo ghafla huchemka kwa mkupuo na kukurukia usoni.

SWALI: Kwa nini mvuke unaunguza kuliko maji ya moto?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikipoa hadi joto la mwili, nyuzi 37, inaachia juli 263 hivi. Gramu ya mvuke inapogusa ngozi hugeuka maji kwanza, na kugeuka huko peke yake kunaachia juli 2,260. Ndipo maji hayo nayo yaendelee kuunguza. Jumla ni karibu mara kumi. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno, kwani hufungia joto ndani ya ngozi.