Kabla hujakodi databesi klaudini

Bili inakuja kwa dola, wateja wetu wanalipa kwa shilingi. Ndiyo maana kila anayetaka kuhamisha mfumo wa saccos au wa ada za shule kutoka kwenye seva ya ofisini kwenda Amazon RDS, huduma ya Amazon ya kukodisha databesi, huniuliza bei kwanza. Mimi humrudishia swali: siku data ikipotea nani atairudisha, na amewahi kujaribu?

RDS ilianza 2009 ikiwa na aina moja ya databesi, MySQL. PostgreSQL, aina nyingine ambayo ndiyo natumia, iliongezwa 2013. Unachonunua pale ni kupumzika na kazi za mashine: diski ikifa, mfumo endeshi ukitaka viraka, bakapu ya kila siku, wanashughulika wao. Majedwali yasiyo na faharasa (indeksi za kuharakisha utafutaji) na nywila iliyozagaa kwenye kundi la WhatsApp ni mzigo wako bado.

Bakapu za otomatiki zinaweza kutunzwa hadi siku 35. Ukiweka 0 umezizima, kwa hiyo angalia namba hiyo leo. Ndani ya muda huo unaweza kurudi hadi sekunde unayoitaka, isipokuwa zile dakika kama tano za mwisho. Ila wengi hudhani kurudisha ni kuifuta databesi iliyopo na kuweka ya zamani mahali pake. Sivyo. Inazaliwa databesi nyingine kabisa, yenye anwani yake, na ile iliyoharibika inabaki inaendelea kufanya kazi.

Tuseme saa tano asubuhi mtu ameendesha DELETE bila WHERE, yaani amri ya kufuta isiyotaja mistari ipi, ikafuta yote kwenye jedwali la marejesho ya mikopo. Kwenye AWS CLI, zana ya kuendesha huduma za Amazon kwa amri za maandishi, muda unaandikwa kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa tano yetu ni 08:00, na wewe unaomba 07:59. Ukichanganyikiwa hapo utarudisha databesi ambayo ufutaji umeshafanyika. Ikishawaka, mara nyingi programu haiwezi kuifikia, kwa sababu imekuja na sheria za kawaida za nani aruhusiwe kuingia badala ya zile ulizopanga. Na usishangae ikiwa nzito: data inavutwa kutoka S3, ghala la mafaili la Amazon, kidogo kidogo kadiri inavyoguswa kwa mara ya kwanza.

Hapo usikimbilie kuelekeza mfumo mzima kwenye databesi mpya. Tangu saa tano kuna wanachama walioweka akiba, na ukihama utazipoteza. Toa lile jedwali moja kutoka databesi mpya kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili data, liingize kwenye databesi kuu kwa jina la muda, kisha rudisha mistari iliyokosekana tu. Fanya zoezi hili siku ya utulivu, angalia saa, na muda huo ndio umwambie meneja akiuliza mfumo ukianguka utarudi lini. Ukimaliza futa databesi ya zoezi, maana inalipiwa.

Multi-AZ, yaani kulipia databesi ya pili ya akiba kwenye kituo kingine, haikuokoi kwenye balaa hilo. Hiyo ya pili inanakili kila kitu papo hapo, DELETE ikiwemo. Kazi yake ni kupokea mzigo mashine kuu ikifa, kwa kawaida ndani ya dakika moja hadi mbili. Kwa mfumo wa malipo nailipia. Kwa tovuti ya matangazo ya shule, hapana.

Diski nayo ina tabia moja mbaya: inaongezeka, haipungui. Niliwahi kukabidhiwa mfumo ambao data yake ilikuwa ndogo lakini diski imevimba mwezi hadi mwezi. Waliotangulia walijaribu kupeleka data kwenye zana ya ripoti, wakaachana nayo, na sloti ya replikesheni, alama inayotunza msomaji wa nje amefikia wapi, ikabaki. PostgreSQL haifuti kumbukumbu za WAL (mafaili yanayorekodi kila badiliko) ambazo sloti haijazisoma, hata kama msomaji hatarudi milele. Jedwali la pg_replication_slots lilionyesha mstari mmoja wenye active kuwa f, yaani hakuna anayeisoma. Ukiita pg_drop_replication_slot nafasi inaachiwa, lakini ukubwa wa diski unaolipia unabaki pale pale mpaka uhamie databesi nyingine. Kwa hiyo ukiwasha kuongezeka kwa diski kiotomatiki weka kikomo cha juu kisicho kikubwa, weka kengele kwenye FreeStorageSpace (kipimo cha nafasi iliyobaki), na toka PostgreSQL 13 usiache max_slot_wal_keep_size, kikomo cha WAL ambazo sloti inaweza kuzuia, kwenye -1, maana yake hakuna kikomo.

Mengine kwa kifupi. Usimbaji wa data uwashe siku ya kuunda, maana baadaye haukubali mpaka upitie nakala ya snapshoti (picha ya databesi nzima ya wakati mmoja). Mlango wa intaneti ya umma ufunge. Mashine ya RAM GB 1 haifikishi hata miunganisho 120, basi weka PgBouncer, programu inayogawana miunganisho michache kwa watumiaji wengi, mapema. Na programu ikae eneo moja na databesi: ukurasa unaouliza databesi mara 40, kila safari milisekunde 100, umeshakula sekunde nne. Eneo la Amazon la Cape Town lipo tangu 2020, lakini halisaidii kitu kama programu umeiacha Ireland.

Kuhusu databesi ya majaribio: watu huizima Ijumaa wakidhani wameokoa dola. Diski inaendelea kulipiwa, na baada ya siku saba RDS inaiwasha yenyewe bila kukuuliza. Kama hutaigusa mwezi mzima, piga snapshoti, ifute, uirudishe utakapoihitaji.